Nianzie Ngapi?

Niambieni lolote, ila msiniambie kwamba mashine ndiyo iliyokosea. Mashine haikukosea. Niliiandikia programu mwenyewe, mstari kwa mstari, mimi Violeth Ignasi wa Ndanda, katika chumba cha juu ya duka la madaftari na kalamu la Mzee Jamnadas pale Mchafukoge, na mpaka leo nasema ile programu ilikuwa na adabu kuliko watu wote walioizunguka.

Mwaka ulikuwa 2004. Redio za watu binafsi zilikuwa zimeota kama uyoga, simu za mkononi zimeshuka bei mpaka wapagazi wa Shimoni, chini ya soko la Kariakoo, wanazo kiunoni, na kila kona ya Kariakoo pana meza ya vocha. Redio Sokoni ikaanzisha shindano la Mpishi wa Mtaa. Wapishi saba wa barabarani walipendekezwa, wasikilizaji wakawa wanawapigia kura kwa meseji, na mshindi angepewa kibanda cha kupikia ndani ya jengo jipya la Mtaa wa Mkunguni, chenye bomba la maji, sinki na paa, bila kodi kwa miaka mitano. Redio ilitaka mtu wa kuzihesabu kura. Dhruv, mtoto wa Mzee Jamnadas, ambaye nilisoma naye chuo, akaichukua kazi hiyo na tukaifanya wawili.

Nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyoumia. Meseji zilikuwa zinakuja kutoka kampuni ya simu moja baada ya nyingine, bila kukatika, kama watu wanaopita mlangoni. Programu yetu ilikaa hapo mlangoni. Ikipita meseji ya huyu, anaongezewa moja. Ikipita ya yule, naye anaongezewa moja. Halafu meseji inatupwa, kwa sababu kompyuta yetu ilikuwa kuukuu na haikuwa na nafasi ya kuzitunza. Kwa hiyo hapakuwa na sanduku la kura ambalo mtu angelifungua akahesabu upya. Kilichokuwepo ni jumla tu, inayokua kila dakika. Ukiichezea jumla, umechezea kila kitu, na hakuna pa kwenda kuulizia.

Tena Dar ni Dar, umeme unakatika. Programu ikizimika bila kuandika popote ilipofikia, inasahau yote. Kwa hiyo tuliifundisha kuandika jumla za wapishi wote saba kwenye faili moja dogo kila baada ya muda mfupi. Umeme ukirudi, ikiamka, jambo la kwanza inauliza: nianzie ngapi? Inalisoma lile faili na kuendelea pale ilipoachia. Siku ya kwanza kabisa faili lilibidi lijazwe kwa mkono, nami nikaweka sifuri kwa kila mpishi.

Mzee Jamnadas alikuwa amepanda kutuletea chai. Akaiona sifuri, akakunja uso. Kwao, alitueleza, jambo jema halianzi na sifuri. Zawadi ya harusi haitolewi mia tano, hutolewa mia tano na moja, kwa sababu ile moja ndiyo inayoita nyingine. Dhruv aliona haya, akamwambia baba yake kwamba hii ni kompyuta, si harusi. Mimi nilimpenda yule mzee. Nilipoanza kuja pale nikiwa mwanafunzi sina hata nauli ya kurudia, alikuwa ananipa karatasi na kunifungulia kompyuta bila kuniuliza lini nitalipa. Nikafuta sifuri, nikampa kila mpishi moja. Wote saba wamepata sawasawa, hakuna aliyeonewa. Mzee alishuka ngazi akiwa anatabasamu, na jioni ile akatuletea chevda, ile bisi ya Kihindi yenye pilipili, kwenye gazeti.

Miongoni mwa wapishi saba alikuwemo dada Candida. Candida si ndugu yangu wa damu, lakini Ndanda nyumba yao na yetu zilitenganishwa na njia ya kwenda kisimani, na nilipokuja mjini kusoma yeye ndiye aliyenilisha. Alikuwa mama ntilie kwenye baraza ya duka moja Mtaa wa Kongo. Wali wake, maharage yake na samaki wake wa nazi viliwakusanya wapagazi, mafundi cherehani na wenye maduka kwenye benchi moja, na muhula mzima wa kwanza alinipakulia kila mchana bila kuchukua senti, akidai chakula kimebaki. Hakikuwa kimebaki. Candida hakuwahi kubakiwa na chakula. Kilichomshinda ni mgambo wa jiji. Mwaka ule walikuwa wamemmwagia sufuria mara mbili, na mara ya pili mafuta ya moto yalimuunguza mguu, akapika wiki nzima akiwa amekaa kwenye ndoo. Kile kibanda cha Mkunguni kwake hakikuwa zawadi. Kilikuwa mwisho wa kukimbizwa.

Kabla hajakubali kuandikishwa, aliniita tukae. Akaniuliza kama hesabu yangu ni ya kweli, kwa sababu hataki kuingia kwenye mambo ya kuchezewa halafu mtaa mzima umcheke. Basi mimi nikajitanua. Nilimweleza yote, mlango, jumla, faili, swali inaloliuliza programu ikiamka, hata moja ya Mzee Jamnadas nilimsimulia tukacheka pamoja. Nikamwapia kwamba kura yako ikiingia imeingia na isiyoingia haipo. Candida alinisikiliza kwa makini sana. Nilidhani ananionea fahari.

Shindano lilikwenda mwezi mzima. Wapishi watano walibaki nyuma mapema, wakabaki wawili wanaokimbizana: Candida, na Awadhi, muuza supu ya pweza wa soko la samaki la Feri, mtu mnene mwenye maneno matamu ambaye wavuvi na wakaanga samaki wote walikuwa nyuma yake. Candida alikuwa anaachwa kidogo, anasogea, anaachwa tena. Mimi sikumpigia kura hata moja. Niliona si haki kwa mtu anayehesabu, na niliona fahari kwa kutompigia, ujinga wa aina yake.

Katikati ya mwezi Dhruv alikwenda Mombasa kwenye harusi ya binamu yake. Siku hizo hizo umeme ukakatika, na uliporudi nikagundua jambo. Mashine ya kampuni ya simu haikuwa na uhakika kama meseji za mwisho zilitufikia, kwa hiyo ilizituma tena, na programu ikazihesabu mara mbili. Nilirekebisha, kila meseji ikawa inatazamwa namba yake kwanza kama imeshapita. Na ili nijihakikishie, nikaongeza jumla ya nane, niliyoianzishia pale kura zilipokuwa zimefikia, iliyokuwa inahesabu meseji zote bila kujali ni za nani, kwenye faili lake peke yake. Ukijumlisha za wapishi saba ukatoa zile moja moja za mzee, lazima upate sawa na ile ya nane. Dhruv aliporudi alikuwa na masanduku ya peremende za harusi na hadithi za Mombasa, nikasahau kumwambia.

Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya kufunga kura, niliingia ofisini nikakuta Candida ameongoza. Ameongoza kwa mbali, kwa kura zaidi ya elfu moja na mia tano. Nilicheka peke yangu kwa furaha. Halafu, kwa mazoea tu, nikajumlisha.

Hazikulingana. Wapishi saba walikuwa na kura elfu mbili zaidi ya meseji zilizopita mlangoni. Nikajumlisha tena kwa kalamu, polepole, nikiomba niwe nimekosea. Nikatazama programu ilizimika na kuwaka lini. Umeme ulikuwa umekatika Alhamisi mchana nikiwa kampuni ya simu, na aliyewasha mashine uliporudi alikuwa Dhruv.

Alipofika mchana nilimuonyesha kioo cha kompyuta bila kumsalimia. Hakushtuka hata kidogo, na hilo lilinichoma kabla hajafungua mdomo.

"Vio, si wewe mwenyewe uliyemtuma Candida?" akasema.

"Nilimtuma afanye nini?"

"Aniambie. Kwamba unaona noma kunifuata mwenyewe, ila umeme ukikatika nimuongezee kidogo kwenye lile faili. Nikamuongezea. Sikukusemesha kwa sababu mambo kama hayo hayasemwi mara mbili."

Mtu asiyekulia mji huu anaweza asielewe, lakini mimi nilielewa hapo hapo. Jambo zito kwetu huliombi kwa mdomo wako. Unamtuma mtu. Anayeombwa analifanya, na mkikutana mnazungumza habari za joto, kwa sababu ukilitaja umemvunjia mwenzako heshima. Dhruv alikulia chini ya kaunta ya baba yake enzi za vibali, wakati boksi moja la kalamu lilihitaji sahihi ya mkubwa fulani, na sahihi zilikuwa zinapatikana hivyo hivyo, mtu amemtuma mtu. Adabu yake yote ilimwambia anyamaze. Alinitendea kile alichoamini ni heshima.

Nilimuuliza kama aliamini kweli kwamba naweza kumtuma mtu ujumbe wa namna hiyo, yeye aliyekaa nami meza moja miaka sita.

"Mbona nisiamini? Ni mtu wako. Tena nilifurahi," akasema, na alikuwa anasema ukweli mtupu. "Nikasema kumbe na Vio ni binadamu kama sisi."

Sijawahi kutukanwa hivyo. Angeniita mwizi ningemrushia kikombe na yakaisha. Lakini alikuwa ananisifu. Miaka sita nilimpigia kelele juu ya kila mstari usio safi, nikadhani ananijua, kumbe alikuwa ananisubiri tu nichoke.

Niliteremka, nikampita Mzee Jamnadas kwenye kaunta, nikaenda Mtaa wa Kongo.

Candida alikuwa amemaliza wateja wa mchana, anasugua sufuria kwa mchanga. Aliponiona usoni aliacha kusugua, akajifuta mikono kwenye khanga, akanisogezea benchi. Sikukaa. Nilimuuliza kama alitumia jina langu kwa Dhruv. Hakukana. Ningependa angekana kidogo, walau kwa kunionea aibu.

"Ningekuomba wewe, ungekubali?" aliniuliza.

"Nisingekubali."

"Basi. Sasa ulitaka nifanyeje?"

Nilimwambia aliniuliza kama hesabu ni ya kweli, nami nikamwapia. Akasema ndiyo, na nilipomweleza habari ya ile moja ya mzee ndipo alipojua kwamba hesabu yetu ina mkono wa mtu. Kama moja inatolewa bure kwa sababu mzee mwenye nyumba ameitaka, alisema, basi hata elfu mbili hutolewa, ni suala la nani ameomba. Hakuwahi kuona katika mji huu kitu kikienda kwa mtu kwa sababu tu anastahili. Leseni hakupata hivyo, baraza hakupata hivyo, hata yule mgambo aliyemmwagia mafuta alikuwa amempitia kwanza jirani yake, aliyetoa chochote akaachwa. Aliyasema hayo kwa upole, akinielewesha kama mtoto. Nilikuwa nimekuja na hasira zangu zote, na nikajikuta nimesimama pale machozi yananitoka mbele ya wapagazi wawili waliokuwa wanamalizia wali wao.

Nilimwambia nitaziondoa zile elfu mbili siku ile ile. Redio sitawaambia kitu, shindanoni atabaki, na siri itakufa na sisi watatu. Kwa kura zake za kweli alikuwa wa pili, nyuma ya Awadhi kwa mia nne na kitu, na ilikuwa imebaki Ijumaa jioni na Jumamosi mpaka saa sita mchana. Chochote kinaweza kutokea, nilimwambia, watu wanakupenda.

Akauliza, "Redio hujawaambia?"

Nikasema sijawaambia, na sitawaambia. Alinitazama kama anavyomtazama mgambo anayesema anapita tu.

Nilirudi ofisini nikaizima programu, nikafungua lile faili, nikapunguza za Candida mpaka jumla ya wote saba ikalingana na ile ya nane, kisha nikaiwasha. Iliamka ikauliza swali lake, ikasoma jibu la kweli, ikaendelea kuhesabu. Dhruv alikaa kwenye kiti chake muda wote huo. Nilipokuwa natoka alianza kuniomba radhi, nikamwambia aache. Sikuwa na nafasi ya radhi ya mtu mwingine.

Jumamosi niliwahi. Jumamosi asubuhi Kariakoo ni siku ya mizigo, wafanyabiashara wa mikoani wanashusha na kupakia, na kila mtu ana hela ya vocha mkononi. Meseji zilikuwa zinapita mlangoni kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona. Nikaona mia nne zinakuwa mia mbili. Zikawa hamsini. Wapagazi walikuwa wanampigia, mafundi cherehani walikuwa wanampigia, pengine na wale wenye maduka waliokuwa wanalalamika moshi wake unawaharibia vitambaa. Saa tatu na nusu Candida alimpita Awadhi, akaendelea kumwacha. Nilijumlisha. Zililingana na ile ya nane, barabara, bila kuzidi hata moja.

Nikampigia simu. Akaikata. Nikapiga tena, akaikata, ya tatu ikawa imezimwa.

Hapo ndipo nilipoogopa. Saa nne redio ilikuwa inaanza kipindi cha mwisho moja kwa moja kutoka mbele ya lile jengo la Mkunguni, kila mpishi anapewa kipaza sauti aseme neno kwa wapiga kura. Nilimjua Candida. Mtu anayetarajia kumwagiwa sufuria huiepua mwenyewe kwanza. Nilinakili jumla kwenye kikaratasi, nikamwambia Dhruv asiguse kitu chochote mezani pale, nikatoka mbio.

Kutoka Mchafukoge kupita Mnazi Mmoja si mbali, ila Jumamosi kila hatua una mkokoteni mbele yako. Kipindi kilikuwa kimeshaanza na maduka yote yalikuwa yamefungulia Redio Sokoni, kwa hiyo sikupitwa na neno. Kwenye duka la vitambaa Awadhi alikuwa anawashukuru watu wa Feri. Kwenye duka la masufuria alikuwa anaahidi supu ya bure siku akipewa ufunguo, watu wanacheka. Navuka Mtaa wa Lumumba, mtangazaji Tarsis akamkaribisha mama yetu wa Mtaa wa Kongo.

Sauti yake ilitulia kabisa.

"Nawashukuru mnaokula kwangu," alisema Candida. "Lakini mimi najitoa. Jana mchana nilikuwa naongoza, jioni nimeshushwa. Kura zenu zinahesabiwa na watu wanaojuana, wanaongeza wanapotaka na kupunguza wanapotaka. Nina ushahidi, nimeambiwa na aliyezihesabu mwenyewe. Sitaki kibanda cha namna hiyo."

Duka la pili lilikuwa linasema hayo hayo, na la tatu. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia na mwenye mkokoteni ananifokea nipishe. Alikuwa amechukua lile nililomwahidi kumfichia, amelipindua, amelipiga nalo jina langu mbele ya mji mzima, ili nisije nikamuwahi kwa kumfichua. Na mimi nilikuwa nakimbia kwenda kumpa habari njema.

Nilipofika, watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, wanapiga kelele kwa niaba yake. Alikuwa ameshuka jukwaani. Aliponiona alininyooshea kidole, na waliokuwa karibu walielewa mimi ni nani, wakanigeukia. Nilipenya nikamshika mkono.

"Unaongoza," nilimwambia. "Toka saa tatu na nusu. Za kweli tupu."

Alisema namdanganya ili nimtese. Nikampa kikaratasi, hakukitazama. Nikamwambia kwamba nilimpigia simu mara tatu, yeye na ubishi wake, kwamba asingefungua mdomo angekuwa anasubiri saa sita akabidhiwe ufunguo. Nilisema kwa hasira, nikitaka limuume, na nikaliona likimuuma. Aliniamini. Sura yote ilimshuka. Kwa kitambo kile nilifurahi, sitaki kusema uongo.

Kisha Candida akanishika kwa mikono miwili. "Basi panda ukawaambie, mdogo wangu. Wewe ndiye mwenye hesabu."

Nilimwendea Tarsis. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri ya kazi yake. Akasema kwa upande wake hana neno. Mpishi amejitoa hewani mbele ya watu, lakini watu hao hao wakisikia hesabu na wakikubali arudi, yeye atamrudisha, kura zinafungwa saa sita. Kando yake Awadhi alikuwa anajifuta jasho, naye akasema nipande tu, yeye hataki kupewa cha mwenzake.

Nikapanda. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na Kariakoo nzima inanisikiliza dukani na barabarani, na ningeweza kusema yote: nani aliomba, nani aliongeza, nani aliondoa. Ningelisafisha jina langu kwa sentensi tatu. Nilimtazama Candida pale chini, mguu wenye kovu umetoka kwenye khanga, nikashindwa. Nikasema mimi ndiye ninayehesabu. Nikasema hesabu ni safi, na kwamba Candida anaongoza, nikaanza kusoma namba.

Sikufika hata kwenye mia. Walianza kuzomea nyuma, kelele zikasogea mbele, mtu akapaza sauti kwamba huyo ndiye mwenyewe, tumeshachoka kuchezewa, mshusheni. Nilijaribu kurudia, sauti yangu ikapotea hata kwangu mwenyewe. Tarsis alinipokea kipaza sauti kwa upole, na kurudishwa kwa Candida kukaishia hapo. Waliozomea kwa nguvu kuliko wote walikuwa wamesimama karibu na jukwaa, niliwatambua mmoja mmoja: wapagazi na mafundi cherehani wa Mtaa wa Kongo, wateja wa Candida, waliokuwa wanamtetea.